Karatasi ya Mama Ilipoingizwa Ndani

Wacha niseme mapema kwamba nimekasirika, asije mtu akafikiri ni uzee unaniongelesha. Nilikasirika wakati ule nikiwa msichana wa cherehani, na bado nimekasirika. Wale wanaoniambia "Si hayo yalishapita?" huwa nawaangalia tu. Hayajapita. Yamekaa hapa kifuani, na leo nayatoa.

Kanisa letu pale Eldoret lilikuwa na ubao. Si ubao wa kuandikia chaki. Ulikuwa wa mbao laini, zile zinazoingia pini bila nguvu, umepigiliwa ukutani nyuma kabisa karibu na mlango, na kalamu imefungwa kwa kamba ya gunia ili isitembee. Mtu akiwa na shida anaiandika kwenye karatasi ndefu ya mistari, anaibandika. Kila anayepita anasoma, na akishaomba anaandika chini yake: nimeomba. Sheria ilikuwa hiyo tu. Hakuna aliyeuliza wewe ni nani. Hata watu wa njia, walioingia kukwepa mvua, walisoma na kuandika.

Lakini watu wa kwetu hawawezi kushika kalamu wakaishia kusema nimeomba. Mzee mmoja aliandika ng'ombe wake wa maziwa amepotea, na chini ya waombaji mtu akaandika kwamba kuna ng'ombe mwekundu wa pembe moja anakula mahindi ya watu huko nyuma ya Munyaka, aende na kamba. Mama mwingine aliandika mtoto wake hanyonyi. Mwenzake akamwelekeza kliniki fulani, wa tatu akakata maneno ya wa pili akaandika, "Hiyo ilihama, siku hizi iko karibu na soko." Karatasi ilijaa miandiko ya kila aina, ya kalamu na ya penseli, na mwenye shida alirudi kila Jumapili kuona kumeongezwa nini. Nimefanya kazi kwa watu wengi tangu wakati huo na sijaona kitu kingine kinachokwenda vizuri hivyo bila bosi.

Mimi na Mama tulikuwa watu wa ubao kuliko watu wa mimbari, na kulikuwa na sababu. Kanisani kulikuwa na washiriki kamili, wenye kadi, wanaokula Meza ya Bwana, halafu kulikuwa na sisi wengine. Mama hakuwa na kadi kwa sababu ndoa yake haikuwa imebarikiwa. Baba alimwoa kwa mila, wazee wakakaa na kukubaliana, na yeye akaona imetosha. Kusimama mbele ya pasta aulizwe kama anamtaka mwanamke aliyemzalia watoto, aliona ni matusi. Mimi kadi nilikuwa nayo, ikachukuliwa nilipozaa bila kuolewa. Nikawekwa chini ya nidhamu, yaani nikafungiwa meza. Baba ya mtoto hakufungiwa chochote, aliendelea kuimba besi kwa kwaya. Haya, hayo tuyaache, hasira niliyo nayo inanitosha.

Ndugu yangu, kitinda mimba wa Mama, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao upande wa Kaptagat. Vumbi la mbao lilikuwa limemharibu kifua, lakini mdomo ulikuwa mzima. Mwaka huo tulipiga kura kwa mlolongo. Unasimama nyuma ya picha ya mtu unayemtaka, mchana kweupe, na kila mtu anaona umesimama wapi. Mlolongo wa mmoja ulizunguka uwanja mzima wa shule. Wa mwenzake ungeingia ndani ya duka na nafasi ibaki. Wakahesabu, wakatangaza ule mfupi umeshinda. Watu wakanyamaza kimya. Ndugu yangu akacheka. Hakusema neno, alicheka tu, lakini kwa sauti, na walio karibu wakashindwa kujizuia, wakacheka naye. Chama kilikuwa kimoja, na hakikupenda kuchekwa.

Juma lile lile walikuja kwa Landrova wakamchukua langoni mwa kiwanda, wenzake wakiangalia. Baba alizunguka vituo vya polisi vya mji, kila mahali akaambiwa hapa hakuna mtu kama huyo. Alirudi akaketi kwenye kiti chake, hakutaka kuulizwa.

Jumapili Mama akaandika. Hakuwa msomi mkubwa lakini mwandiko wake ulisomeka. Aliandika: "Mimi ni mama ya kijana aliyechukuliwa kule kwa mbao. Sijui yuko wapi. Kifua chake si kizuri. Wa kuomba aombe, wa kujua aseme." Akaibandika mwenyewe, akaisukuma pini kwa kidole gumba, akarudi nyuma kidogo kuangalia kama imenyooka.

Wa kujua wakasema. Jumapili iliyofuata, chini ya nimeomba za kawaida, mtu alikuwa ameandika kwamba Landrova ilishika njia ya Turbo. Chini yake mwingine akaandika, "Turbo haikufika. Mimi nauza mahindi ya kuchoma pale barabarani, ingepita ningeiona. Tafuteni hapa katikati." Wa tatu akataja vituo viwili vidogo ambavyo hata Baba hakuvijua, vya kuingia ndani kidogo kutoka barabara kubwa. Sikia hapo! Watu tusiojuana, wengine hawakuweka hata jina, walikuwa wanamtafuta mtoto wa mama yangu kwa kalamu ya kamba. Mimi nilinakili vile vituo nikaenda vyote viwili, kila kimoja wakasema hawana mtu kama huyo. Nikafukuzwa. Nikasema Jumapili nikiona mstari mwingine nitajua niende wapi tena.

Jumapili hiyo karatasi haikuwepo. Pini ilikuwa imebaki, na kipande kidogo cha karatasi kimeshikwa chini yake.

Katibu wa kanisa alisimama kwenye matangazo. Mtu mpole yule, wa sauti ya chini, viatu vinang'aa hata siku ya matope. Akasema wazee wamekaa wakaona kuna mambo yanayobandikwa pale nyuma ambayo si ya macho ya kila mtu. Kuanzia leo maombi mazito yatawekwa ndani, kwenye chumba cha wazee nyuma ya mimbari. Washiriki kamili wataingia baada ya ibada, na kadi zao, wasome na waombe. Na yale yaliyosomwa ndani hayatatolewa nje. Hayo ya ng'ombe na mitihani yaendelee ubaoni. Kwenye kiti cha mbele mwenyekiti wa tawi la chama, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa letu, alikuwa anatikisa kichwa taratibu kwa kukubali. Hakusema kitu, angesema cha nini na kila mtu anamwona?

Baada ya ibada Katibu alimfuata Mama nje, kofia mkononi. Akamwambia, "Mama, tumeona tuilinde hiyo karatasi yako. Hapa nje kuna macho mabaya. Si ni sawa?"

Na Mama akasema, "Ni sawa, Mzee. Asanteni sana."

Asanteni! Nilitaka kuuma nguzo ya mlango. Lakini nitamlaumu vipi? Kwetu, mzee akikujia amevua kofia, anakuita Mama, anakuambia anakulinda, huwezi kumkatalia mbele ya watu. Mama alisikia neno kulinda, hayo mengine hakuyasikia. Mimi niliyasikia. Nikauliza, "Na yeye ataisomea wapi?"

Katibu aliniangalia vile unaangalia kuku aliyeingia sebuleni. "Wewe msichana uko chini ya nidhamu," akasema, na akaenda zake.

Jumapili iliyofuata tulisimama kwa mlango wa chumba cha wazee. Walikuwa wamemweka mama mmoja wa kamati, kitambaa cheupe kichwani, anaangalia kadi moja moja na kurudisha. Mama alipofika akamshika mkono kwa upendo kabisa.

"Mama, huku ndani ni washiriki."

"Najua, dada. Lakini kuna karatasi yangu huko."

"Iko, tunaiombea sana."

"Nataka tu kuona kama kuna mtu ameongeza kitu."

"Sasa ukiingia wewe, na yule mwingine atasema aingie. Itakuwa ni ubao tena, si ndiyo?"

"Lakini si ni mimi nimeiandika?"

"Ni wewe, Mama. Lakini saa hii iko ndani."

Haki ya Mungu, hivyo ndivyo alisema, na uso wake ulikuwa mzuri tu, hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Angekuwa na roho mbaya ningemsukuma. Watu wakapita kando yetu, wakaingia wakatoka. Walitoka wakimtazama Mama kwa huruma. Mmoja alimkumbatia. Mwingine akamwambia, "Tuko na wewe, Mama." Mko naye wapi, na yeye yuko nje? Nilimuuliza Mama hivyo tukitembea kwenda nyumbani, akaniambia nipunguze mdomo, mdomo umeshamponza mtoto mmoja.

Jirani yetu, mama aliyehamia kutoka mkoa wa Central na aliyekuwa na duka la rejareja, alikuwa mshiriki kamili. Nilimwendea dukani, nikangoja wateja waishe. Nikamwambia, "Mama, wewe unaingia mle ndani. Niambie tu kama kuna mtu ameandika kitu. Kitingishe kichwa, hiyo si kusema."

Hakutingisha. Alipanga na kupanga tena viberiti kwenye rafu. "Tuliapishwa," akasema. "Tukiwa tumeshika Biblia. Na yule mzee wa mbele alikuwa hapo anatuangalia mmoja mmoja. Mimi niko na duka, mwanangu. Watu wa leseni wanakuja wakati wanataka." Alikuwa karibu kulia, na mimi sikumhurumia.

Jioni ya siku iyo hiyo alikuja kwetu na blanketi jipya, bado limekunjwa na karatasi yake, na chupa ya dawa ya kifua. Akamwekea Mama mapajani. "Chukua tu, Mama. Baridi ya huku wewe unaijua." Mama akashukuru, akasema wa duka ana moyo. Blanketi tukamtandikia mtoto wangu, aliyekuwa analala na mimi. Dawa ya kifua ikakaa kabatini kwa sababu hakuna aliyekuwa anakohoa.

Baada ya hapo Mama alibadilika. Akawa anapika bila kuimba. Siku moja Baba alikuwa ameketi nje anarekebisha mpini wa jembe, Mama akaja akasimama mbele yake, akajipangusa mikono.

"Baba," akasema, maana ndivyo alivyomwita mbele yetu, "nataka harusi."

Baba akafikiri ni utani. "Ya nani?"

"Yangu na wewe. Kanisani. Na pasta."

"Wewe mwanamke, sisi ni wazee."

"Nataka kadi."

"Kadi ya kufanya nini?"

"Ya kusoma karatasi yangu."

Baba aliweka jembe chini. Huyu mtu alikuwa amefuatwa na wainjilisti watatu tofauti kwa miaka yote hiyo, mmoja wao Baba mwenyewe akamfukuza kwa rungu, na kila mtu pale mtaani alijua msimamo wake. Alikaa akiangalia mikono yake. Mimi nilikuwa mlangoni na uzi mdomoni, sikuthubutu kuutoa.

"Watanicheka," akasema mwishowe.

"Watacheka."

"Haya. Wacha wacheke."

Lakini hata hiyo haikuwa ya kesho. Lazima mtangazwe kanisani Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi aseme. Na kabla ya kutangazwa lazima mfundishwe. Kwa hiyo baba yangu na mama yangu, watu wenye wajukuu, waliketi kwenye benchi na vijana wawili wachumba wakafundishwa maana ya ndoa na mwinjilisti ambaye wao walimwona akizaliwa. Wakaulizwa kama wanajua wajibu wa mume na mke. Baba alijibu kila kitu, "Ndiyo, mwalimu," akiwa ameuma meno. Halafu Jumapili ya kwanza ya kutangazwa watu wakapiga vigelegele. Nilisimama pale nikiwatazama wale washiriki wakishangilia na kupiga makofi, na wao wanajua, wengine wao wanajua kilichoandikwa mle ndani, na wanapiga makofi! Mungu anisamehe, siku hiyo niliwatakia mabaya.

Mimi ndiye niliyeshona gauni. Mama alitaka la kawaida, la kitenge. Kamati ya akina mama ikasema hapana, bibi harusi huvaa nyeupe, hata kama ni shosho mwenye wajukuu, na bila hivyo pasta hatakubali. Wakaleta kitambaa chao wenyewe, wakaleta na maua ya plastiki ya kichwani. Nilikanyaga ile cherehani kwa hasira mpaka sindano ikavunjika mara mbili, na ukiangalia vizuri ungeona mshono wa ubavuni umepinda. Sikuurekebisha. Mama alipolivaa kulijaribu alijitazama kidogo tu kwenye kioo cha kabati, akaniuliza kama mfuko upo, maana alikuwa ameniambia niweke mfuko wa miwani.

Siku ya harusi kanisa lilijaa. Kwaya ikaimba. Baba alisimama na suti aliyoazima kwa rafiki yake, mikono mifupi, akasema ninakubali kabla hajamaliza kuulizwa, watu wakacheka, na sisi hatukucheka. Katibu akasoma cheti, akampa Mama kadi yake mbele ya watu wote, akamshika mkono na kusema leo umekuwa mshiriki kamili katika nyumba ya Bwana.

Mama akasema, "Asante, Mzee. Sasa nipisheni."

Hakungoja wimbo wa kutokea. Alipita kando ya mimbari, gauni linaburuta, akasukuma mlango wa chumba cha wazee. Yule wa kitambaa cheupe hakuwepo, alikuwa kwenye kwaya. Pasta akabaki amenyoosha mkono wa baraka. Mimi nikamfuata Mama, kadi sina, na wallahi angejaribu mtu kunizuia siku hiyo.

Karatasi yake ilikuwa ukutani, ya pili kutoka mwisho. Alivaa miwani. Nilisoma pamoja naye, juu ya bega lake. Baada ya maneno ya kwanza tuliyoyajua, kulikuwa na mwandiko mgeni, wa herufi kubwa zilizosimama wima: "Kijana yuko kwa kituo chetu. Ni kile cha pili kati ya vile viwili vilivyotajwa hapo juu. Anakohoa usiku kucha. Anaomba blanketi na dawa ya kifua. Mama aje mwenyewe siku ya Jumapili, mkubwa huwa hayuko. Njoo haraka."

Chini yake: Nimeomba. Nimeomba. Tumeomba kama familia. Nimeomba. Bwana amkumbuke. Nimeomba. Ilishuka mpaka chini ya karatasi, ikageuka nyuma. Wa duka alikuwa hapo, niliujua mwandiko wake. Yule wa kitambaa alikuwa hapo. Katibu alikuwa ameandika kwa wino mweusi, mwandiko mzuri wa ofisini: Nimeomba.

Mama alirudia kusoma ule mstari akiufuata kwa kidole. Halafu akauliza, bila kugeuka, "Hii iliandikwa lini?"

Katibu alikuwa ameshaingia nyuma yetu. Akasafisha koo. Akasema ni wiki ile ile karatasi ilipoingia ndani, kuna kijana askari alikuja na kadi ya kanisa la kwao, akaruhusiwa.

"Mkaona."

"Mama, kila mtu alidhani mwenzake amekwambia. Kwa njia ya busara. Unajua mambo yalivyo."

"Mliapa msiniambie, halafu mkadhani nimeambiwa?"

Aliangalia viatu vyake. Mimi nilimtukana, na maneno niliyosema siyaandiki hapa, pasta aliyasikia, waimbaji waliyasikia. Nilirefushiwa nidhamu kwa ajili ya maneno hayo na sijawahi kujuta. Mama hakumtukana. Alichomoa pini, akaikunja karatasi, akaitia kwenye ule mfuko. Katibu akasema, "Mama, hiyo haitoki nje." Mama akatoka nayo.

Nyumbani hatukupita kubadilisha nguo. Alikataa. Ilikuwa Jumapili, na mstari ulisema Jumapili. Baba alimshika shati mwenye pikapu iliyokuja kubeba viti vya harusi, akamwambia teremsha hivyo viti. Nilikimbia nikatoa blanketi kwa kitanda cha mtoto wangu na dawa kabatini, na hapo tu ndipo nikaelewa wa duka alikuwa anajaribu kutuambia nini, na nikazidi kukasirika. Yaani alidhani tutaelewa blanketi, mdomo akaufunga! Tukashika njia ya Turbo, Mama mbele na dereva, mimi na Baba nyuma, watu wa barabarani wakipunga mikono na kushangilia bibi harusi.

Kituo kilikuwa kidogo, ukuta umepakwa chokaa. Kwenye meza kulikuwa na askari kijana. Alipomwona Mama na lile gauni alisimama wima. Baba akataja jina la ndugu yangu. Yule kijana akatuangalia sote, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani mlikuwa wapi?" Hakungoja jibu. Akachukua funguo.

Ndugu yangu alitoka akishika ukuta. Alikuwa amekonda, shati lile lile alilochukuliwa nalo, na kikohozi chake kilisikika kabla hatujamwona. Akasimama. Alimtazama Mama kuanzia maua ya kichwani mpaka viatu vya kuazima. Akamtazama Baba na suti. Akanitazama mimi.

"Mlikuwa kwa harusi," akasema.

"Ni yangu na baba yako," Mama akasema, anamwendea. "Ilibidi. Ndiyo nipate kadi, nisome—"

"Huyu askari aliniambia ameandika kwa karatasi yako. Akarudi akaniambia imesomwa, watu wamejaza chini, kanisa nzima inajua. Mimi nikangoja. Kila Jumapili naambia wenzangu leo mama yangu anakuja."

"Sikuiona. Waliiweka ndani, wakanikataza kuingia."

"Karatasi yako."

"Ndiyo, yangu."

"Uliandika wewe na mkono wako, halafu wewe peke yako ndiyo hukuruhusiwa kuisoma. Watu wengine wote wakasoma."

"Ndiyo, baba. Hivyo ndivyo ilikuwa." Akatoa karatasi mfukoni ampe. Hakuipokea.

"Mama," akasema, na alisema polepole, bila ukali wowote, "ungesema tu mliogopa. Hiyo ningeelewa."

Siku hiyo tulimwachia blanketi na dawa tu; walimwachilia miezi kadhaa baadaye, bila kesi. Alienda kuishi mbali na Eldoret, na kwa Mama alikuja kama mgeni, anaketi karibu na mlango, anakunywa chai, anaondoka. Nilimfuata Katibu nikamwomba aje tu amwambie ndugu yangu ilivyokuwa, mara moja, hata kwa simu. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje. Alishazikwa. Mwenyekiti pia. Mama naye alizikwa, na kadi yake walimwekea kwenye jeneza.

Ndugu yangu hunipigia simu sikukuu. Ananiita dada vizuri tu. Nikianza kumweleza ananikatiza, "Yaishe, dada. Wakati ule kila mtu aliogopa." Mama hakuogopa. Mama aliolewa wajukuu wakimtazama ili asome mstari mmoja, na mtoto aliyefanyiwa hivyo haamini mpaka leo.